Fuata tuta: siku moja kwenye njia ya reli ya karanga, Mtwara na Lindi

Anayetaka kukaa dirishani na kutazama mashamba yakipita, aende Dar es Salaam. Huko tangu mwaka 2024 kuna treni ya umeme mpaka Dodoma, na kuna TAZARA, reli ya kwenda Zambia, ambayo humpitisha abiria katikati ya hifadhi, akabahatika kuona twiga akiwa kitini. Huku kwetu kusini hakuna behewa hata moja linalotembea. Reli tulikuwa nayo, ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Njia yake haikung'oka. Imelala chini ya mikorosho na ndani ya mashamba ya muhogo, na mtu mwenye siku moja, viatu vizuri na adabu anaweza kuifuata kwa miguu yake.

Mimi ni fundi sanifu wa barabara hapa Mtwara. Maisha yangu ya kazi ni miteremko, mitaro na makalvati (yale matundu ya kupitishia maji chini ya barabara), na kwa jicho hilo niliipenda njia hii tangu siku ya kwanza nilipokanyaga tuta lake nikahisi kwamba hili halikujengwa kwa ajili ya gari. Nimewapeleka wanangu, wenzangu wa kazini, hata wageni wa harusi waliobaki na siku moja ya ziada mjini. Haya ndiyo ninayowaambia kabla hatujatoka.

Jua unafuata nini

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ukaandaliwa mpango wa kulima karanga Afrika Mashariki kwenye ekari zaidi ya milioni 3, na sehemu kubwa ya ekari hizo ilipangwa iwe huku, lililokuwa likiitwa Jimbo la Kusini. Tanganyika yalichaguliwa maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kongwa ikatangulia kwa sababu Reli ya Kati ilikuwa jirani. Nachingwea haikuwa na reli wala bandari, na huwezi kupeleka matrekta porini kwa kuyabeba kichwani.

Lindi ndiyo ilikuwa bandari ya jimbo, lakini maji yake ni machache kwa meli kubwa. Meli zilitia nanga nje, mizigo ikashushwa kwenye matishari na kuvutwa ndani ya mkono wa bahari mpaka Mkwaya, karibu na Mingoyo. Kutoka Mkwaya ndipo reli ilipoanza kuingia bara, na mwaka 1949 ikafika Nachingwea. Wakati huohuo Mtwara, yenye ghuba ya kina cha asili, ilikuwa inajengewa bandari mpya na mji mpya. Ile mitaa mipana tunayojivunia Mtwara ilipimwa enzi hizo. Gati ilipokamilika mwaka 1954, na reli kuunganishwa nayo, karanga hazikuwepo tena. Mpango ulikuwa umefutwa tangu Januari 1951, baada ya pauni milioni 36 hivi kuteketea.

Ikabaki treni ya karanga isiyo na karanga. Ikabeba mazao ya wakulima na abiria, ikasogezwa hadi Masasi mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini mzigo haukutosha, na mapema miaka ya 1960 ikafungwa.

Huwa nasikia watu wakiitaja reli hii kama upumbavu wa wakoloni. Mpango wa karanga ulikuwa na makosa mengi, hilo sibishani. Njia yenyewe ilichorwa na watu waliojua kazi yao. Ukiitembea utaona jinsi walivyotafuta bonde, walivyokwepa miinuko, walivyoyapa maji mahali pa kupita. Leo msimu wa korosho ukifika, na makaa ya mawe yakishuka kutoka Ruvuma, malori yanaikandamiza lami ya Masasi hadi Mtwara mchana na usiku, na sisi tunaoziba mashimo ndio tunaojua thamani ya reli. Ndiyo maana habari za reli mpya ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay nazifuatilia kwa hamu, na ndiyo maana nataka watu waione hii ya zamani kabla mashamba na barabara mpya hazijaimeza yote.

Msimu

Nenda kati ya Julai na Oktoba. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili, na Mei nyasi bado zimesimama juu ya kichwa cha mtu. Utapita mita tano kutoka kwenye tuta usilione. Kuanzia Agosti wakulima husafisha chini ya mikorosho ili wapate kuokota korosho, na hapo ardhi hufunguka. Oktoba kuna faida ya mabibo: ukipata kiu unakula bibo, mradi umeomba kwa mwenye shamba na kumwachia korosho yake. Korosho usiiguse kabisa. Ni ada ya shule ya mtoto wa mtu.

Kuisoma ardhi

Hapa ndipo penye utamu wa safari, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Lori hupanda mlima likinguruma. Barabara ya vijijini ikiwa na mpando wa mita 8 kwa kila mita 100, hakuna atakayelalamika sana. Treni haiwezi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza, na kichwa kinavuta mabehewa mengi nyuma yake, hivyo mhandisi wa reli hujitahidi asizidi mita 2 kwa kila mita 100, na akiweza hukaa chini ya hapo. Treni pia haikati kona ya ghafla. Ukishika mambo hayo mawili tu, ulaini wa mpando na upana wa kona, umepata macho.

Mbele ya kilima kidogo, njia ya miguu hupanda na kushuka. Njia ya reli hukikata. Utakuta mfereji mpana wenye kuta za udongo pande zote mbili, chini yake pamenyooka, mara nyingi miti imeota juu kwenye kingo. Kilima kikiisha na bonde likaanza, njia haishuki nalo. Hupita juu ya tuta la udongo uliojazwa. Mkato, tuta, mkato, tuta. Ukikuta tuta na mkato vimepangana kwenye mstari mmoja ulionyooka, acha shaka. Barabara ya kijiji hukipanda kilima kilivyo, kwa sababu hakuna anayetoa fedha za kukikata.

Reli yetu ilikuwa ya upana wa mita moja, kama ile ya zamani ya Reli ya Kati, kwa hiyo tuta lake juu ni jembamba. Gari moja linapita. Mawili yakikutana, mojawapo lirudi nyuma. Tazama pia pembeni ya tuta. Udongo wa kujazia ulichimbwa palepale jirani, na mashimo yake marefu, yasiyo na kina, yanafuatana na njia kama kivuli. Wakati wa mvua hujaa maji na vyura, na sehemu nyingine watu wameyageuza majaruba ya mpunga. Mpunga uliopandwa kwenye ukanda mwembamba ulionyooka, mbali na mto, ni ishara ninayoiamini sana.

Chini ya tuta tafuta makalvati. Shuka taratibu, piga fimbo kwanza kwa ajili ya nyoka, kisha chungulia. Zege la zamani lina sura yake: kokoto kubwa, kingo nene, na alama za mbao za kumimina bado zinaonekana. Kwenye mito tafuta kuta za daraja zilizobaki kila upande, katikati hakuna kitu. Na kwa kuwa vichwa vya enzi hizo vilikuwa vya mvuke, vilihitaji maji njiani. Ukikuta misingi mizito ya zege karibu na mto, mahali pasipo na nyumba wala kinu, uliza kama hapo palikuwa na tenki.

Kipimo changu cha mwisho ni baiskeli. Azima baiskeli kijijini, ile nzito ya kubebea maji, isiyo na gia. Ipande kwenye njia unayoishuku. Ikiwa umekwenda kilomita nzima ndani ya nchi yenye vilima na hukushuka hata mara moja kusukuma, uko kwenye reli.

Kabla ya kutoka nyumbani, fungua picha za satelaiti kwenye Google Maps na upakue eneo lote, maana mtandao bondeni huja na kuondoka. Tafuta mstari unaokatiza mashamba bila kujali mipaka yake, na unaopinda kwa upole mno. Ukiweza kupata ramani za serikali za kipimo cha 1:50,000, zina mistari ya mwinuko, na kwa mistari hiyo utaona mwenyewe treni ingeweza kupita wapi na isingeweza kupita wapi.

Vyuma vyenyewe vimetawanyika. Popote unapokuta kipande cha reli kinashikilia paa, kimelazwa kuwa boriti ya kivuko cha mfereji, au kimening'inizwa mtini kuwa kengele ya shule, omba ruhusa ukisogelee. Ubavuni mwa reli kwa kawaida kuna maandishi yaliyotokeza: kiwanda, mwaka, uzito. Futa vumbi kwa kitambaa, usome, upige picha. Tazama pia kama kuna taruma la chuma, kile kipande kinacholazwa kukingama chini ya reli. Afrika Mashariki mataruma ya chuma yalipendwa kwa sababu mchwa hawayali. Usinunue, usibebe. Chuma chakavu kina biashara yake na kesi zake, na kipande kikishaondoka kijijini hakina tena hadithi.

Hodi kwanza

Kusini mgeni anayezunguka shambani na simu mkononi, anapima kwa hatua na kuchungulia kwenye mashimo, ana tafsiri moja: anatafuta mali za Mjerumani. Imani kwamba Wajerumani walizika hazina ipo sana, na watu wamechimbiwa makaburi ya wazee wao kwa ajili yake. Usimlaumu anayekutilia shaka.

Kwa hiyo kila kijiji unaingilia ofisini. Msalimie mtendaji au mwenyekiti, andika jina kwenye kitabu cha wageni, sema wazi kwamba unafuata njia ya treni ya zamani na hutachimba kitu. Omba kijana wa kukuongoza, na mkubaliane posho yake mbele ya mtendaji. Kijana huyo ndiye atakayekupitisha kwenye mashamba ya watu bila maneno.

Kisha omba kupelekwa kwa mzee. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1960 leo ana miaka zaidi ya sabini na mitano. Piga hodi, subiri, toa shikamoo, kaa ulipoonyeshwa. Usianze na reli. Uliza hali, mvua, korosho za mwaka huu. Beba kilo ya sukari na mche wa sabuni, uvikabidhi mwanzoni bila kuvitangaza. Akina mama wavae kanga juu ya suruali; ni heshima, na pia kinga ya upupu.

Swali lina namna yake. Ukiuliza "Reli ilipita wapi?" utaonyeshwa kwa kidole upande wa magharibi, basi. Uliza mambo ambayo mtoto wa wakati ule aliyaona. Babu, mlikuwa mnachota maji wapi, na treni ilikuwa inalala upande gani? Bibi, sauti yake mlikuwa mnaisikia mkiwa shamba gani? Nani alifanya kazi gengi hapa, lile kundi la kutengeneza reli? Shamba la nani limekaa juu ya tuta? Swali la mwisho lina faida kuliko yote, kwa kuwa mipaka ya mashamba kila mtu anaijua, na ukishatajiwa mashamba matatu umeshapata mstari. Mara nyingi mzee husimama mwenyewe na bakora yake akakupeleka. Mfuate kwa mwendo wake.

Siku yenyewe

Jioni ya kuamkia safari, panda kivuko cha Msangamkuu uende na kurudi. Ukiwa katikati ya maji utaelewa kwa nini gati lilihamia huku. Bandari itazame kwa nje tu. Kupiga picha ndani kunahitaji kibali.

Siku ya safari toka saa kumi na moja alfajiri. Mkiwa watano au sita, kodini Noah kwa siku nzima na mkubaliane bei, mafuta na saa ya kurudi kabla hamjapanda. Kwa basi pia inawezekana: panda la Masasi, shukia njiani, malizia kwa bodaboda. Mikindani mtapita bado giza. Boma la 1895 na habari za Livingstone aliyeanzia hapo safari yake mwaka 1866 ziachieni siku nyingine.

Mkifika njia panda ya Mnazi Mmoja, msikate kushoto kwenda Masasi bado. Endeleeni kidogo upande wa Lindi mpaka Mkwaya. Jitahidini mfike wakati wa maji kupwa, na kalenda ya maji muulizeni mvuvi yeyote siku moja kabla. Mkono wa bahari husinyaa katikati ya mikoko, tope linaonekana, na mtu haambiwi tena kwa nini meli kubwa hazikuweza kuingia na kwa nini matishari yalihitajika. Tumieni nusu saa hapo, kunyweni chai na mihogo, mrudi Mnazi Mmoja.

Sasa ingieni bonde la Lukuledi. Kushoto kwenu inuko la Makonde, kulia inuko la Rondo, katikati mto. Mtu akikupa mabehewa na kukuambia uyafikishe bara, hapa ndipo utakapopita. Kuanzia Mtama kuelekea Nyangao anzeni kuuliza. Chagueni kipande kimoja cha kilomita tano au sita mkitembee chote, badala ya kurukaruka na gari kila mahali. Gari likawasubiri upande wa pili. Njia ya reli huonekana kwa mfululizo wake: mkato mmoja peke yake ni shimo, lakini ukitoka kwenye mkato, ukapanda juu ya tuta, ukavuka kalvati na kuona mstari unaendelea mbele ya macho chini ya mikorosho, mwili wenyewe unakubali kwamba hapa palipita treni. Wanangu huwa wanaanza kukimbia.

Muwe mmemaliza kutembea kabla ya saa sita. Jua la bondeni ni kali, na tuta halina kivuli ila penye mikorosho. Kila mtu abebe lita mbili za maji. Vaeni viatu vya kufunika na soksi ndefu.

Chakula cha mchana kuleni Ndanda, mji uliokua kuzunguka misheni ya Wabenediktini ya mwaka 1906. Wali maharage na kisamvu cha nazi hapakosekani. Kama mtakuta ming'oko iliyochemshwa inauzwa kandokando ya barabara, nunueni. Mizizi hii ya porini ndiyo chakula cha safari cha huku, unamenya na kula ukiwa unatembea. Saa tisa anzeni kurudi, na Mtwara mtafika jua likizama.

Nachingwea ni mbali kwa siku hiyohiyo. Anayetaka kufika mwisho wa reli alale Masasi, chini ya ile milima yake ya mawe, aende asubuhi. Nachingwea ina historia ya pili pia, kwa kuwa miaka ya 1960 FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, waliweka hapo kambi yao ya mafunzo na Samora Machel akaishi hapo. Sokoni ulizia karanga za mbegu. Kituo cha utafiti cha Naliendele, hapa Mtwara, kimetoa mbegu za karanga zenye majina ya Mnanje, Mangaka, Masasi na Nachingwea, na mkulima mdogo anazilima kwa jembe la mkono kwenye nchi ileile ambayo matrekta yalishindwa. Nunua kilo mbili, ukakaange nyumbani.

Kumbukumbu

Rekodi sauti ya mzee kwa simu, baada ya kumwomba. Mwanzoni mwa rekodi taja kijiji, tarehe na jina lake kama ameridhia. Kila kalvati na kila mkato ipige picha ukiwa umesimamisha mtu pembeni ili kipimo kionekane, na uhifadhi alama ya mahali kwenye ramani ya simu papo hapo. Ukisema utafanya nyumbani, utachanganya.

Picha za wazee zichapishe studio, kwa sababu wengi wao hawana simu ya kuzitazamia. Zitie kwenye bahasha, andika juu yake jina la mzee, kijiji na ofisi ya mtendaji, umpe konda wa basi la Masasi pamoja na nauli ya mzigo. Mpigie mtendaji umwambie basi gani na saa ngapi, ili atume mtu barabarani kuipokea.